Barafu ya ncha ya kusini ya Mwezi: chombo cha kilo 20 kibebe kifaa gani?

kalamu_na_rula (Nairobi)

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha wahandisi chipukizi hapa Nairobi kinaandaa pendekezo la karatasini tu, hakuna atakayerusha kitu. Chombo ni kidogo, cha kuzunguka Mwezi: kilo 20, ukubwa wa 12U, yaani vichemba kumi na viwili vya sentimita 10 kila upande vilivyopangwa pamoja. Lengo tumeliandika hivi: "Kutafuta barafu ya maji katika ncha ya kusini."

Vifaa tulivyoorodhesha ni kamera, kipimakimo cha leza, rada, kipima nyutroni na spektromita ya infraredi (kifaa kinachochambua mwanga kwa rangi zake). Mzingo ni wa duara, kimo cha km 100, unapita juu ya ncha zote mbili.

Tunauliza: vifaa vyote vitano vitatosha humo, maana LRO, chombo cha Marekani kinachozunguka Mwezi, inabeba saba? Kimo cha km 100 kinafaa? Na je, data inaweza kupokewa hapa hapa Nairobi, au lazima tuombe antena za wenyewe?

---

Mchunga_Nyutroni

Tuanze na sentensi ya lengo, maana hapo ndipo kazi ilipoharibikia. "Kutafuta barafu" haipimiki. Barafu ipi? Utando wa juu ya uso, au chembe zilizochanganyika na udongo nusu mita chini? Eneo la upana gani, na asilimia ngapi kwa uzito? Kila jibu linaita kifaa tofauti. Utando wa juu unaonekana kwa infraredi na urujuanimno. Kilichofukiwa mpaka kina cha mita moja ni kazi ya nyutroni. Mabonge makubwa, rada. Mkishaandika swali likiwa na namba ndani yake, orodha yenu itajipunguza yenyewe.

Msijilinganishe na LRO. Ilirushwa 18 Juni 2009 ikiwa na kilo 1,916, karibu nusu yake mafuta, na vifaa vyake saba vinajibu maswali saba. Nyinyi mna kilo 20, na hapo bado betri, redio, injini na mafuta havijakatwa. Bebeni kifaa kimoja. Mimi ningechukua cha nyutroni, na sababu ni hizi.

Miale ya angani inaupiga udongo wa Mwezi bila kukoma, na kila pigo hutoa nyutroni zenye kasi kubwa. Zinagongana na atomi za udongo huku zikitafuta njia ya kutoka. Fikirini bano, yaani goroli. Ukirusha bano igonge jiwe kubwa, inaruka ikiwa na karibu kasi ile ile. Ikigonga bano mwenzake wa ukubwa sawa, inaweza kusimama papo hapo. Atomi ya haidrojeni ina uzito karibu sawa na nyutroni, kwa hiyo penye haidrojeni nyingi nyutroni hupunguzwa kasi haraka, na zile za kasi ya kati zinazofika kwenye chombo hupungua. Upungufu huo ndio ishara. Ni mdogo, asilimia chache tu. Lunar Prospector, chombo cha Marekani, iliuona mwaka 1998 kwenye ncha zote mbili.

Kifaa chake hakikuwa cha ajabu: mirija miwili ya gesi ya heliamu-3, mmoja umefunikwa kwa kadmiamu na mwingine kwa bati. Kadmiamu hunyonya nyutroni za polepole, zilizo chini ya elektroni-volti 0.4 hivi, kwa hiyo mrija huo unahesabu za kati tu. Wa bati unahesabu zote mbili. Ukitoa hesabu moja kwa nyingine unapata za polepole. Kwa chombo kidogo siku hizi kuna fuwele za CLYC zinazofanya kazi hiyo hiyo, ndizo zilizobebwa na LunaH-Map, chombo kidogo cha 6U.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hakina lenzi. Nyutroni zinaingia kutoka kila upande, kwa hiyo duara unaloliona chini lina upana wa kama mara moja na nusu ya kimo chako. Ukiwa km 30, duara ni kama km 45. Ukiwa km 100, ni karibu km 150, na hapo mzingo wenu umeshaanguka mtihani. Duara la km 45 likiwekwa katikati ya Nairobi linameza Ngong, Kikuyu na Kiambu kwa pamoja, halafu linawapa namba moja. Kreta ya Shackleton, iliyo pale kwenye ncha ya kusini, ina upana wa km 21. Ndani ya duara la km 45 inachukua asilimia 22 tu ya eneo, kwa hiyo upungufu wa asilimia 20 ndani ya kreta utausoma kama asilimia 4. Kwa km 150 utausoma kama asilimia 0.4. Kwaheri.

Mambo yanayoharibu kipimo, yapangieni mapema:

Chombo chenyewe hutoa nyutroni kikipigwa na miale ile ile. Lunar Prospector ilivitoa vifaa vyake nje kwenye milonjo ya mita 2.5. Kwenye 12U mlonjo huo ni mgumu, basi kifaa kiwe upande unaotazama Mwezi, mbali kabisa na tangi. Nasema tangi kwa sababu haidrazini, mafuta ya injini, imejaa haidrojeni, na plastiki vilevile. Mkiweka kifaa mgongoni mwa tangi mtakuwa mnapima mafuta yenu. Ubaya zaidi ni kwamba mafuta yanapungua, kwa hiyo kosa hilo linabadilika kila baada ya injini kuwashwa, na mtu asiyejua atadhani Mwezi ndio umebadilika.

Pili, miale ya angani haina kiwango kimoja, inapanda na kushuka na mzunguko wa Jua wa miaka 11. Dawa yake ni kugawanya hesabu ya kila mzunguko kwa hesabu ya maeneo ya karibu na ikweta, yanayojulikana kuwa makavu. Siku ya mlipuko wa Jua, tupeni data ya siku nzima. Msiione huruma.

Kamera, leza na rada vifuteni. Kazi hiyo LRO imeshaifanya na data iko wazi. Kamera yake ya NAC inaona pikseli ya nusu mita kutoka km 50. Chini kunapita kwa kasi ya km 1.6 kwa sekunde, kasi ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa dakika nne na nusu hivi, kwa hiyo kila mstari wa picha una kama milisekunde 0.3 tu za kukusanya mwanga. Kwenye kivuli cha kudumu inaambulia karibu na giza. ShadowCam iliyo kwenye Danuri ya Korea Kusini ilitengenezwa ikiwa na wepesi wa kuhisi mwanga zaidi ya mara 200 ya NAC ili ione ndani ya vivuli hivyo kwa mwanga uliodunda kutoka kingo za kreta. Kuishindania kazi hiyo na kamera ya 12U ni kupoteza kilo.

Rada ina mgogoro wake: uwiano wa mgeuko wa mawimbi unaopanda kwenye barafu hupanda pia kwenye mawe yaliyotawanyika. Mpaka leo wanabishana.

---

mzingo_wa_chini

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kimo. Niongeze upande wa mzingo, maana watu wengi hudhani kwa kuwa Mwezi hauna hewa, chombo kitazunguka milele. Hakizunguki.

Chini ya mabonde makubwa kama Mare Imbrium na Mare Serenitatis kuna matonge ya uzito. Muller na Sjogren waliyatangaza mwaka 1968 baada ya kuona vyombo vya Lunar Orbiter vikiyumba njiani. Kila ukipita juu ya tonge unavutwa kidogo, na mzingo wa duara unageuka yai polepole mpaka sehemu yake ya chini inagusa ardhi. Setilaiti ndogo iliyoachiwa na Apollo 16 mwezi Aprili 1972 iliishi siku 35 tu, kisha ikajibamiza. Haikuharibika kitu. Ni mzingo wenyewe.

Kwa hiyo mna njia mbili. Ya kwanza ni kulipa. LRO ilipokuwa kwenye duara la km 50 ilikuwa inawasha injini kila mwezi kurekebisha, kama mita 11 kwa sekunde kila mara, karibu mita 150 kwa sekunde kwa mwaka. Ya pili ni kutafuta mzingo ambao mivuto hiyo inakaribia kujifuta yenyewe. LRO ilihamia huko Desemba 2011: umbo la yai, karibu km 30 juu ya kusini na km 180 juu ya kaskazini. Nyinyi mnataka kusini, kwa hiyo zawadi hiyo mmewekewa mezani. Chukueni 30 kwa 180, mwinamo wa nyuzi 90. Angalizo moja: mwinamo nao hausimami. Ule wa LRO umesogea nyuzi kadhaa kwa miaka, hivyo haipiti tena juu kabisa ya ncha.

Sasa mafuta. Mkiachiwa kwenye njia ya moja kwa moja ya kwenda Mwezini, kusimama kwenye mzingo wa chini kunataka kama mita 850 kwa sekunde. Kwa injini ya haidrazini yenye msukumo mahususi (kipimo cha ufanisi wa mafuta) wa sekunde 220, hiyo ni kilo 6.5 kati ya 20. Theluthi ya chombo imekwenda kabla hamjapima chochote. Njia ndefu inayozunguka mbali kuelekea upande wa Jua inapunguza gharama hiyo. Danuri iliondoka Agosti 2022 ikafika Desemba. Mnalipa kwa miezi, na redio yenu lazima ifike umbali mkubwa kuliko wa Mwezi.

Na hapo ndipo vyombo vidogo hufia. LunaH-Map iliondoka na roketi ya Artemis I Novemba 2022, vali ya injini ikakwama, mzingo haukupatikana. Lunar Flashlight iliondoka Desemba mwaka huo huo, njia za mafuta zikaziba, nayo haikufika. Lunar Trailblazer ilirushwa Februari 2025 na mawasiliano yakapotea siku iliyofuata, paneli za sola zikiwa hazijaelekea Jua vizuri. Angalieni orodha hiyo: hakuna kifaa cha kisayansi kilichokuwa chanzo. Pendekezo lenye kurasa kumi za spektromita na nusu ukurasa wa vali nikiliona naliweka kando.

Joto pia msilisahau. Uso wa Mwezi adhuhuri unafika kama nyuzi 120 za sentigredi, na unawarudishia karibu wati 1,300 kwa kila mita ya mraba kutoka chini. Dunia hutoa kama 240. Radieta iliyofanya kazi vizuri kwenye setilaiti ya Dunia, ukiielekeza chini huko inageuka jiko. Chandrayaan-1 ya India ilipata taabu hiyo Novemba 2008, joto likafika nyuzi 50 na ikabidi wazime baadhi ya vifaa. Kwa bahati mbaya mzingo wa ncha haugeuki pamoja na Jua. Mara mbili kwa mwaka unapita adhuhuri na usiku wa manane, na kwa kimo cha km 50 unakaa gizani kama dakika 48 katika kila mzunguko wa dakika 113. Betri mpimeni kwa kipindi hicho, wastani utawadanganya.

---

kalamu_na_rula

Asanteni sana, nimeshafuta vitatu. Lakini infraredi inaniuma kuiacha. M3, spektromita ya Chandrayaan-1, si ndiyo iliyoonyesha maji mwaka 2009? Na kipima nyutroni LRO inacho, kinaitwa LEND. Sasa sisi tutakuwa tunaongeza nini?

---

Spektra_Mdogo

Nitampinga kidogo Mchunga. Nyutroni haioni maji, inaona haidrojeni. Inaweza kuwa maji, haidroksili (oksijeni moja na haidrojeni moja) iliyoshikana na madini, au haidrojeni iliyoletwa na upepo wa Jua. Mkiandika "tumepima barafu" kwa kipima nyutroni peke yake, msahihishaji yeyote makini atawakata.

Infraredi ndiyo inayomtambua mhusika kwa sura. Maji na haidroksili hunyonya mwanga kwenye eneo la mikromita 3 hivi. M3 ilikuwa inapima kuanzia 0.43 mpaka 3.0, yaani ukingo wa mnyonyo huo tu, mkia wake ukikatwa. Kutenganisha maji na haidroksili kunataka ufike mikromita 3.5 au 4. IIRS, spektromita ya Chandrayaan-2, inafika 5, na sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Ila kuna kosa ambalo wengi hulifanya wakivuka mikromita 2.5: uso wenyewe unaanza kung'aa kwa joto lake. Adhuhuri, mwanga huo wa joto unajaza shimo la mnyonyo na unaona Mwezi mkavu hata kama si mkavu. Lazima ujue halijoto ya pikseli ile ile, kisha uondoe. Mabishano mengi kuhusu maji kuongezeka na kupungua kwa saa za mchana yanatokana na namna watu walivyoondoa joto hilo.

Na kwenye kivuli cha kudumu tatizo linageuka: mwanga hakuna. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, kwa hiyo chini ya kreta za ncha Jua halifiki. Diviner, kipimajoto cha LRO, imepima huko chini ya kelvini 30. Barafu haihitaji baridi kiasi hicho, kelvini 110 zinatosha kuitunza kwa miaka bilioni. Spektromita ikitazama huko inabaki na mabaki ya mwanga uliodunda. Utafiti wa mwaka 2018 uliopata dalili za barafu ya juu ya uso kwa data ya M3 ulitumia mabaki hayo hayo. Lunar Flashlight ilibeba tochi yake, leza nne za infraredi, ili imulike chini na kusoma kinachorudi. LAMP, kifaa cha urujuanimno cha LRO, ilikuja na ujanja mwingine ninaoupenda zaidi: inatumia urujuanimno wa nyota na wa haidrojeni iliyotapakaa angani kama taa. Anga lenyewe ndilo balbu.

Juu ya hayo yote, kitambuzi cha infraredi cha mikromita 3 na zaidi lazima kipozwe, na kipoza-joto kinakula umeme na kinatetemesha. Kwenye 12U ni mzigo. Kwa hiyo nafika palipo Mchunga kwa njia nyingine: bebeni nyutroni. Badilisheni tu neno. Pimeni haidrojeni, kisha mlinganishe na ramani za halijoto za Diviner. Penye haidrojeni nyingi na chini ya kelvini 110, mnaweza kusema "inawezekana ni barafu" bila aibu.

Kuhusu LEND, hapo ndipo pengo lenu lilipo. Waliweka kizuizi kinachokata nyutroni za pembeni ili kupata duara la km 10. Watafiti wengine wakabisha kwamba nyutroni nyingi bado zinavuja kutoka pembeni na kwamba picha si kali hivyo. Njia isiyobishaniwa ni kushuka chini. LunaH-Map ilikusudia kupita chini sana juu ya ncha ya kusini kwa sababu hiyo hasa, na haikufika. Kazi ya kushuka chini hivyo haijafanywa.

---

antena_juu_ya_paa

Swali la tatu halijaguswa, nilichukue.

Mwezi uko wastani wa km 384,400. Ukilinganisha na setilaiti ya Dunia iliyo km 1,000 kutoka kwako, ishara yenye nguvu ile ile inakufikia ikiwa dhaifu mara 148,000 hivi, sawa na desibeli 52. Antena ya Yagi iliyokuwa inasikia setilaiti ndogo za Dunia haitasikia kitu. Mnahitaji sahani ya mita kadhaa, kikuza-ishara chenye kelele ndogo kiwekwe pale pale kwenye sahani, na kasi ya data ihesabiwe kwa kilobiti. Kwa kipima nyutroni kilobiti zinatosha kabisa, maana data yake ni hesabu chache kila sekunde. Hiyo nayo ni sababu ya kuacha kamera. Picha moja ya NAC ina pikseli 5,064 kwa mistari 52,224, yaani kama megabaiti 264 kabla ya kubanwa. Kwa kilobiti 10 kwa sekunde, picha moja tu inawachukua siku mbili na nusu za kupokea mfululizo.

Nairobi ina faida. Tuko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hakuna siku ambazo Mwezi unabaki chini karibu na upeo wa macho, kama inavyotokea wakati mwingine kwa watu wa kaskazini. Kila siku unapanda juu ya nyuzi 60, na unaonekana karibu saa 12. Lakini faida hiyo ina mtego. Sahani ya kawaida yenye mota mbili, ya kuzunguka na ya kupanda, hukwama kitu kikipita utosini: mota ya kuzunguka inatakiwa igeuke nyuzi 180 ghafla, inachelewa, na ishara inakatika mkiwa katika dakika nzuri kuliko zote. Inamisheni kitako cha sahani kidogo, au tumieni kitako cha mhimili unaolingana na ule wa Dunia, ambao hapa unalala karibu mlalo kabisa kuelekea kaskazini.

Masafa: kaeni kwenye bendi ya S, karibu gigahezi 2.2. LRO inashusha data kwa bendi ya Ka, yenye masafa ya juu zaidi, megabiti 100 kwa sekunde, lakini kituo chake kikuu kiko White Sands, jangwani. Ka hapa kwetu wakati wa masika itazamishwa na mvua. S haijali mvua.

Mawimbi yatahama kwa sababu ya mwendo: kwa km 1.6 kwa sekunde ni kama kilohezi 12 juu na 12 chini, na katika kila mzunguko yanavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Programu ya kupokea iwekewe utabiri wa mzingo, la sivyo itakuwa inalifukuza wimbi. Na mzingo ukiwa umeitazama Dunia kwa ubavu, chombo kinajificha nyuma ya Mwezi karibu nusu ya muda. Kumbukumbu ya ndani ibebe angalau siku mbili za data, maana siku ambayo umeme umekatika au sahani imegoma haipaswi kuwagharimu kipimo.

Kwa amri za kwenda juu na kwa kufuatilia umbali, ombeni muda kwenye vituo vikubwa. Sahani ya Nairobi iwe ya kupokea. Si jambo geni kabisa: Uhuru, setilaiti ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo.

---

mzingo_wa_chini

Kuhusu data ya bure, niwaokoe siku mbili. Kwa sura ya ardhi chukueni ramani za kimo za LOLA, kipimakimo cha leza cha LRO, za kuanzia latitudo 80 kusini, pikseli ya mita 20. Faili ni kama gigabaiti 1.8, pakueni usiku. Namba zilizo ndani ni nambari kamili za biti 16, na si mita. Zidisheni kwa 0.5 mpate kimo kwa mita kulinganisha na duara la km 1,737.4. Wengi husahau hiyo 0.5 na milima yao inakuwa mirefu maradufu. Kwenye QGIS, programu ya ramani, msiiache ichukue umbo la Dunia. Wekeni Mwezi, nusu-kipenyo mita 1,737,400, makadirio ya stereografia ya ncha. Na angalieni longitudo: baadhi ya faili zinahesabu 0 mpaka 360, nyingine kutoa 180 mpaka 180. Mkizichanganya, kreta inahamia upande wa pili wa ncha na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

---

kalamu_na_rula

Nimeandika upya. "Kupima haidrojeni ndani ya mita moja ya juu ya udongo, kusini mwa latitudo 80, kwa duara la km 45, upungufu wa asilimia 4 uonekane wazi." Kipima nyutroni kimoja, mzingo wa km 30 kwa 180, sehemu ya chini juu ya kusini. Mzunguko ni dakika 118, yaani mara 12.2 kwa siku. Nimechukua hesabu ya nyutroni 20 kwa sekunde. Duara la km 45 tunalivuka kwa sekunde 27, basi ni nyutroni 540 kila tukipita, na kwa siku 27 tunapata kama 178,000. Kosa la asilimia 0.24. Mwezi mmoja unatosha, si ndiyo?

---

Mchunga_Nyutroni

Unatosha kwa ncha yenyewe tu. Umehesabu kana kwamba kila mzunguko unapita juu ya kila mahali. Mizunguko yote inakutana kwenye ncha, kisha inatawanyika kama mbavu za mwavuli.

Chukua kreta ya Cabeus, ilikobamizwa kwa makusudi LCROSS ya Marekani tarehe 9 Oktoba 2009. Iko km 155 hivi kutoka kwenye ncha. Urefu wa kulizunguka duara la umbali huo ni km 974. Kila mzunguko wa chombo unalikata mara mbili, kwa hiyo kwa siku unapata 12.2 × 2 × 45 / 974, kama mara 1.1. Siku 27 zinakupa mara 30, nyutroni 16,400, kosa la asilimia 0.8. Upungufu wa asilimia 4 bado unaonekana. Ukifika latitudo 80 unapita mara 15 au 16 tu, kosa linapanda asilimia 1.1, na hapo chombo kimeshaanza kupanda juu ya km 30, kwa hiyo duara nalo limepanuka.

Hiyo ni kelele ya kuhesabu pekee. Bado hujaondoa nyutroni za chombo chenyewe, na hizo huna namba yake mpaka uipime. Panga wiki ya kwanza kifaa kiwashwe mkiwa mbali na Mwezi, kabla ya kuingia mzingoni, tangi likiwa limejaa. Kisha kipime tena mkiwa kwenye mzingo wa juu mafuta yakiwa yamebaki theluthi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, ukishatoa mchango wa Mwezi kwa kimo hicho, ndiyo sahihisho lako la haidrazini. Iwekee safu yake kwenye jedwali la makosa, juu ya ile ya kuhesabu.